Kumbukumbu ya mradi: kuufuata mto unapoingia mjini

Mradi wenyewe ni huu: mto unapojaa majira ya kuchipua, nazunguka mji kwa miguu nikipita vituo vilevile. Napiga picha nikiwa nimesimama palepale, naandika maji yamefika wapi na saa ngapi. Mwaka huu nimeongeza jambo moja. Watu wengi huenda ukingoni kutazama mto, na mimi naenda, lakini sasa napita pia nyuma ya mji, kwenye mitaro, makalvati na chemba za maji ya mvua. Naamini huko ndiko mto unakoanza kuingia, mapema kabla haujavuka ukingo wake.

Jumamosi, maji yakiwa chini

Leo ilikuwa siku ya kuweka alama. Kwenye nguzo ya daraja kuna bao la kupimia kina lenye mistari ya sentimita, kwa hiyo pale ni kusoma tu. Kwingine nimechagua vitu visivyohama: ukuta wa matofali, nguzo ya taa, na ngazi ya mawe inayoshuka mtoni. Ngazi hiyo naipenda kuliko vituo vyote. Nimepima kimo cha kila kidato kwa futi kamba, na sasa hata nikiwa mbali naweza kuhesabu vidato vilivyobaki nje nikajua mto umepanda kiasi gani.

Nyanda za juu bado zina theluji nyingi. Theluji mpya yenye kina cha sentimita 10 ikiyeyuka hutoa takriban sentimita 1 ya maji. Ile kuukuu, iliyoshindiliwa na baridi ya miezi, hubeba mara tatu au nne ya hapo. Ardhi iliyoganda chini yake hainywi maji, na mvua ikinyesha juu ya theluji hiyo, maji ya mbinguni na ya theluji huteremka pamoja. Utabiri unasema mvua kesho usiku.

Jumatatu

Imenyesha kweli. Nilitoka alfajiri kwa makusudi: theluji huyeyuka zaidi mchana jua likiwa kali, lakini maji yake yana safari ya saa nyingi mpaka kufika mjini. Ndiyo maana anayekwenda kutazama mto adhuhuri peke yake anaweza kukosa kilele cha siku, kwa sababu mara nyingi hupita usiku watu wakiwa wamelala.

Vidato vitatu vya chini vimemezwa. Maji ni ya rangi ya kahawia, yana povu, yamebeba matawi na gogo moja zima lenye mizizi. Ili kujua kama mto unapanda au unashuka, nachomeka kijiti pale maji yanapogusa udongo, nazunguka vituo vya jirani, kisha narudi kukitazama. Leo niliporudi, kijiti kilikuwa ndani ya maji, kimebaki ncha tu.

Kisha nikaenda nyuma ya mji, kwenye kijito kinachopita kati ya nyumba na kumwaga maji yake mtoni. Siku zote kinakwenda mbio. Leo kilikuwa kimetulia kama maji ya beseni. Nikatupa jani kavu. Likasimama, likajizungusha polepole, halafu likaanza kurudi kule kijito kinakotoka. Nilichuchumaa pale muda mrefu kulitazama. Mto mkubwa ukipanda juu ya usawa wa kijito, kijito hukosa pa kumwaga, maji yake hujilimbikiza nyuma, na mto wenyewe husukuma maji yake ndani. Waliokaa kando ya kijito hupata mafuriko bila tone kuvuka ukingo wa mto.

Jumanne

Hiki ndicho nilichokuwa nakingoja. Kuna mtaa ulio mbali na mto kiasi kwamba ukisimama hapo huuoni wala huusikii. Ukuta wa kuzuia maji kule ukingoni ulikuwa bado una nafasi ya kutosha juu, barabara ya kando ya mto ni kavu. Lakini katikati ya mtaa huu kifuniko cha chemba kilikuwa kinapumua: hewa inatoka kwenye matundu yake kwa mluzi mwembamba, kisha mapovu, kisha maji. Kabla sijamaliza kuandika, dimbwi lilikuwa limefika kwenye matairi ya gari lililoegeshwa.

Mama mmoja alikuwa anapandisha masanduku kutoka chumba chake cha chini ya ardhi. Akaniuliza, "Mwanangu, mto umefika wapi?" Nikamtajia nilichosoma kwenye bao. Akaniambia tundu la sakafuni ameshaliziba, maana maji hayaji kwake kwa mlangoni.

Wahenga walisema maji hufuata mkondo, na mkondo wa mji uko chini ya barabara. Mabomba ya maji ya mvua humwaga mtoni. Mto ukizidi kimo cha midomo ya mabomba hayo, maji hurudi nyuma, isipokuwa pale penye mlango wa chuma unaojifunga wenyewe. Hata huo, kipande cha mti kikikwama kati, haufungi.

Mfano mkubwa wa jambo hili ni Paris, Januari 1910, ingawa ile ilikuwa mvua ya majira ya baridi na si ya majira ya kuchipua. Mto Seine, unaopita katikati ya mji huo, ulifika mita 8.62 kwenye kipimo cha daraja la Austerlitz. Eneo la kituo cha reli cha Saint-Lazare, zaidi ya kilomita moja kutoka mtoni, lilijaa maji, kwa kuwa yalipita kwenye mahandaki ya reli ya chini ya ardhi na kwenye mifereji ya majitaka.

Jumatano, kilele

Sikukaribia kingo. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 60 huyabeba magari mengi. Nimesoma ngazi kwa mbali, nikapiga picha, basi.

Ijumaa

Yanashuka. Sasa ndiyo kazi tamu. Ukutani maji yameacha mstari wa tope laini, na juu yake kidogo uzi wa vipande vya majani makavu. Napima kutoka ardhini mpaka kwenye mstari, naweka alama ya chaki, napiga picha futi kamba ikionekana. Lazima ifanyike mapema, kwa maana mvua moja hufuta kila kitu.

Mstari wa mtaa ule wa chemba unalingana karibu kabisa na kimo cha mto cha siku ya kilele. Kinachofuata ni kuitafuta midomo yote ya mabomba kando ya mto maji yakipungua zaidi, niandike kimo cha kila mmoja na kama una mlango. Nikishapata hivyo, nitaweza kusoma bao la darajani na kujua ni chemba ipi itaanza kutoa maji kabla ya nyingine, na yule mama nimemwahidi orodha hiyo.