Baba mkubwa na mwamvuli

Harusi ya dada angu ilifanyika ukumbi mmoja hapo Sinza, tunaozesha Uchagani, na Mhaya akikutana na Mchaga unajua lazima utani uwepo, toka asubuhi upande wa bwana harusi wanatuita manshomile. Kikwetu nshomile ni nimesoma, ila mtaani wanambandika Mhaya yeyote hata kama hajamaliza la saba, ukisema tu nimenunua viatu unaambiwa haya nshomile tumekusikia.

Sasa baba mkubwa katoka Muleba na mkuki wake kauviringisha kwenye gazeti. Mlinzi wa getini akagoma, mzee silaha haiingii humu. Wakabishana weee mpaka mkuki ukabaki kwa mlinzi, baba mkubwa akaingia kanuna, mkononi ana mwamvuli wa mama.

Zamu yetu ya kuongea ikafika. MC anategemea zile nasaha za mkavumiliane, mzee akapokea maiki akamrudishia hapo hapo, akarudi nyuma kama anataka kupiga penati, af huyo mbio na kanzu lake mpaka mbele ya maharusi, mwamvuli juu, akaanza kwebuga! Ni majigambo ya kishujaa yale, enzi hizo mtu anayatoa mbele ya Mukama, mfalme wetu, ameshika mkuki, anajitaja jina, ukoo, na aliyoyafanya, maneno yanatoka mfululizo hata mate hamezi, na wanaomjua wamekaa hapo hapo wanasikiliza, kwahiyo chumvi ruksa ila uongo mtupu utaumbuka. Yeye alipigana vita vya Kagera basi akaenda moja kwa moja kwenye habari za Kyaka, eti 1978 Amin alivunja daraja la mto Kagera pale akajua tumekwisha, mimi nilivyofika mto wenyewe ulinipisha! (Jeshi lilitandika daraja la muda, ila nani akamkatize.) Wazee wa meza yetu wanaitikia "Waitu!" wanagonga meza mpaka soda zinamwagika, DJ naye kachanganyikiwa kaachia mziki katikati, akazomewa akazima.

Kimya kidogo, mzee mmoja wa Kichaga akaomba maiki. "Sisi kwetu maneno hatuna. Tuna maduka."

Ukumbi wote chini! Baba mkubwa alicheka mpaka kofia ikaanguka. Tunarudi kwenye gari bado anafuta machozi, akaniambia, "Mwanangu, yule mzee naye anajua kwebuga, tatizo mstari mmoja tu kaishiwa. Hana pumzi."