Popi zangu zimeota, na yule mzee wa samadi namsalimia sana

Naishi Leicester, Uingereza, mwaka wa tisa huu. Kila Novemba naona watu wamebandika ua jekundu la karatasi kifuani, mi nilidhani pambo tu, kumbe ni popi, la kukumbuka waliokufa vitani, maana vita ya kwanza ya dunia mabomu yalivuruga ardhi ya Flanders huko Ubelgiji na popi zikaota mpaka juu ya makaburi, John McCrae, daktari wa jeshi la Kanada, akaziandikia shairi 1915. Nikamkumbuka baba yake bibi. Alichukuliwa kubebea Waingereza mizigo vita hiyo hiyo, Kariakoo ya kweli hiyo (jina limetoka Carrier Corps, kikosi cha wapagazi) kabla haijawa soko, na hakurudi. Nikasema huyu nampandia za kwake, sio za karatasi.

Sasa ushauri niliopewa jamani! Mzee mmoja jirani akaniambia mwaga samadi ya kutosha, nikamwaga mifuko minne, bei sikumbuki ila iliuma. Mbegu nikaziotesha dirishani kwenye trei za mayai, zikatoka nzuri kama mchicha, nikarusha picha kwenye grupu la familia mpaka mama akauliza "mwanangu, hiyo mboga inaungwa na nazi?" Nikazihamishia nje. Siku ya tatu zote chali. Popi ina mzizi mmoja mrefu, ukishausumbua imesusa. Samadi ikaliwa na magugu, yakanifika kiunoni.

Mara ya pili nikazifukia kama mahindi, haikutoka hata moja.

Mara ya tatu sikumuuliza mtu. Septemba nikaenda kona mbovu kuliko zote, fundi alimwaga kifusi pale, nikaparuzaparuza na reki. Mbegu zenyewe ndogo kama ugoro, nikazichanganya na mchanga mkavu kwenye kopo la pilipili manga nikawa natembea natikisa kama nakoleza mishkaki, kisha nikakanyaga juu na viatu, basi, sikufukia. Mke wangu dirishani anajifuta machozi kwa kucheka. Kumbe inataka mwanga na udongo uliovurugwa tu, ndo maana ilipenda mashimo ya mabomu. (Na sio ile ya kasumba, yaani afyuni, msianze.)

Juni nikakuta tumba lina vinywele, limeinamisha kichwa kama mtoto aliyegombezwa. Kesho yake limenyooka, petali nne zimekunjamana kama shati lililotoka kwenye begi, nyekundu mpaka macho yanauma. Jioni zimeshadondoka, lakini mengine yanafuata.

Vichwa vikikauka vinabaki na vitundu kuzunguka juu, upepo ukipiga mbegu zinamwagika. Kopo la pilipili manga kabisa! Na mi nilishaanza kujiona mvumbuzi.