Wati 168, Arusha hadi Moshi na kurudi

Kocha alinipa namba moja ya kushika: wati 168. Nilikuwa najiandaa kwa Ironman ya Gqeberha, Afrika Kusini, ambako unaogelea kilomita 3.8, unaendesha baiskeli kilomita 180, halafu ndipo unaanza marathoni. Jumapili ile nilikuwa najaribu zile 180: Arusha hadi Moshi, kupitiliza Kiboriloni, kisha kurudi.

Namba hiyo ilikuwa na hesabu yake. Nguvu ya juu niliyoweza kuishikilia kwa saa nzima ilikuwa wati 240, na kwa masafa kama yale mtu hutumia kama asilimia 70, abakize miguu ya kukimbilia. Kipimo cha wati kimefungwa kwenye mkono wa pedali. Kinasoma chuma kinavyopinda kila ukikanyaga, kisha namba inatokea kwenye kioo kidogo cha usukani.

Barabara ile inaanza kwa kukubembeleza. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA kama 900. Tengeru, Usa River, Kikatiti, unashuka tu, ubaridi wa asubuhi bado upo. Kijana wa klabu yetu niliyetoka naye aligeuka kila mara: "Dada, kaza! Hapa ndipo pa kuvuna muda!" Nikamwambia atangulie. Kwenye mteremko upepo unameza karibu kila unachotoa. Ukitaka mwendo uwe mara mbili, wati zinazotakiwa ni karibu mara nane. Mlimani unapambana na uzito, na kila wati unayoongeza unaiona kwenye mwendo. Basi nikashuka kwa wati 140, nimeinama, nakunywa glukosi yangu taratibu, huku jezi yake ya njano ikipotelea mbele.

Baada ya KIA kuna uwazi, na upepo ulinipiga usoni. Mwendo ukaanguka hadi kilomita 25 kwa saa. Anayeangalia spidi peke yake angeingiwa na hofu pale. Wati zilisoma 168, zilezile, na mimi niliziamini.

Kikafu ndipo nilipopimwa hasa. Barabara inazama mpaka darajani, kisha inapanda, malori yakinguruma kwa gia ndogo pembeni yako. Nilipoinuka kwenye kiti, namba iliruka hadi 310. Nikakaa, nikalegeza gia, nikaishusha hadi 200, kikomo changu cha milimani. Hapohapo akanipita muuza maziwa, kijana aliyesimama juu ya pedali, madumu yamefungwa nyuma kwa mpira. "Pole dada, sukuma!" Mwili mzima ulitaka kumfuata! Mikurupuko ya namna hiyo inachoma akiba ya wanga iliyomo kwenye misuli, na akiba hiyo ndiyo ningeihitaji mchana.

Mchana ukaja kweli. Kurudi kutoka KIA ni zaidi ya kilomita 40 za kupanda, na jua la Kikatiti halina huruma. Mapigo ya moyo yaliyokuwa 138 asubuhi yalifika 151 kwa wati zilezile: joto na maji yaliyopotea. Nikaongeza maji yenye chumvi, nikaendelea kukanyaga. Usa River, Tengeru, miguu bado iliitika, na nilipofika mjini nikavaa raba, nikakimbia kuelekea Njiro kwa mwendo uleule niliouzoea siku nisizogusa baiskeli. Yule kijana alikuwa ameshafika zamani, anakula. Yeye hakuwa na marathoni mbele yake.

Usiku kocha alifungua data. Wastani wangu ulikuwa wati 164. Ule uliosawazishwa, unaoipa mikurupuko uzito zaidi, 169. Pengo dogo kama hilo alikuwa akinidai kwa miezi.

"Gqeberha shika 175," akaniandikia. "Kule ni usawa wa bahari, kila pumzi ina oksijeni zaidi."

"Na vilimani?"

"210. Hata ukipitwa na muuza maziwa."