Hina ya harusi yangu: nilivyopata mchoro wa pembe na mistari ulionikaa

Maua sikuyataka. Hina ya bibi harusi hapa Unguja mara nyingi ni maua na majani yanayopanda kutoka vidoleni hadi kiwikoni, nayo hupendeza, lakini moyo wangu ulikuwa kwenye pembetatu, miraba na mistari iliyonyooka. Mikono yangu ni mifupi na minene, na mchoro wa kijiometri hauna majani ya kuficha kasoro: mstari ukipinda, kila mtu anaona.

Nilianza kutafuta kwenye mikeka. Ile ya Pemba iliyosukwa kwa ukindu wa rangi ina vimraba na mishazari ambayo kwangu mimi ndiyo jiometri nzuri kuliko zote. Nikapiga picha, nikampelekea mtia hina.

Yeye hakuzitazama sana. Aliniambia, "Mwanangu, teremsha mkono kama unavyotembea." Kwanza alikuwa amenichora mstari wa wanja kutoka kiwiko hadi kifundo, kiganja kikitazama juu. Nilipoteremsha mkono, mstari ule ule ulijizungusha. Ngozi ya karibu na kiwiko hutulia, ya karibu na kifundo huzunguka pamoja na kiganja. Basi akaupima mchoro wote mkono ukiwa umelegea. Mistari mirefu ikabaki juu, na kule chini akaweka almasi ndogo ndogo, kila moja peke yake, ambazo hata zikigeuka hazionekani kupinda. Duara aliliweka mgongoni mwa kiganja palipo bapa, maana mahali panapokunjwa huwa yai.

Nilitamani pia mikanda ya kuzunguka kifundo kama bangili. Alinichorea mmoja kwa wanja nikajitazama kwenye kioo: mkono ulikatika vipande viwili, ukazidi kuwa mfupi. Tukakubaliana utepe mmoja unaopanda kutoka kidole cha kati na kuchongoka juu, huku ngozi ikiachwa tupu pande zote mbili. Utupu ule ndio ulionyoosha mkono, na ningemsihi kila bibi harusi asikubali ujazwe.

Piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea ngozi, nilikataa, ingawa mistari yake hutoka myeusi na mikali. Nyingi huwa na PPD, kemikali ya rangi za nywele, ambayo huweza kuleta malengelenge na kumwachia mtu mzio wa maisha. Nilitiwa hina ya majani iliyokandwa kwa ndimu na sukari, mapema kidogo, kwa sababu hutoka ya machungwa na hukolea siku ya pili. Kiganjani hukolea zaidi, ngozi ni nene, kwa hiyo pale mraba mmoja ulitosha.

Mdogo wangu, mwenye mikono mirefu na myembamba, alitiwa mikanda ile ile niliyoiacha mimi, mipana, kifundoni na chini ya kiwiko. Ilimkaa vizuri mno.