Siku moja maishani mwangu: mama wa watoto kumi na mmoja

Saa kumi na moja alfajiri. Baridi ya Njombe mwezi wa saba haina adabu. Nawasha kuni, nabandika maji, nambadilisha mchanga wa miezi minne aliyelowa mpaka mgongoni. Mama yake alifariki akijifungua. Baba yupo, huja Jumapili moja moja na ndoo ya viazi. Watu hudhani kituo cha misheni cha kulelea watoto, kama hiki chetu, ni cha watoto wasio na mtu. Wengi wana ndugu. Wachanga tunawalea mpaka wavuke miaka miwili, mitatu, kisha wanarudi kwa bibi au shangazi. Siku ya kuwapeleka nalia njia nzima.

Saa moja: sala, uji, sare, kiatu kimoja hakionekani. Saa mbili wameshaenda shule.

Saa tatu nimefika ofisi moja mjini, na hapo siku ikanasa. Binti yangu kamaliza kidato cha sita, anaomba mkopo wa chuo. Yatima lazima aambatishe cheti cha kifo cha mzazi. Baba yake alifia nyumbani kijijini. Kaburi lipo, waliomzika wapo, cheti hakuna. Nina barua ya mtendaji wa kijiji, nina ya mchungaji. Karani anazisoma kama anayechambua mchele.

"Wewe ni nani wake?"

Mama yake.

"Mbona majina hayafanani?"

Mlezi, basi.

"Tangu lini?"

Tangu ana miaka mitatu. Barua ya ustawi wa jamii hii hapa. Akaibeba, akapotelea chumba cha pili. Benchi, benchi, benchi. Pembeni yangu mama mmoja anamweleza mwenzake jinsi watu wa vituo vya yatima wanavyokula hela za Wazungu. Nikatazama kandambili zangu. Nikanyamaza. (Mchungaji angenisifu, mimi roho iliniuma mpaka stendi.) Saa tisa karani karudi: mhuri wa kijiji haujakolea. Njoo Alhamisi.

Baada ya hapo sikuangalia saa tena. Nguo za watu kumi na mmoja zipo kwenye kamba, maharage hayajaiva, mchanga analia, miguu imevimba. Ndipo pikipiki ikasimama nje. Kijana wangu, sasa fundi gereji Makambako. Alikuja hapa na miaka sita, akakaa mwezi mzima bila kutoa neno.

"Kamwene, mama. Umekula?"

Sikuwa nimekula. Akanawa mikono, oili imebaki kwenye kucha, akamfunga mtoto mgongoni kwa kitenge changu, mwanaume na ndevu zake, akaanza kuchochea moto. Wadogo wakawa wanarushiana povu bombani. Nikamsikia anafoka, maneno yangu, lafudhi yangu, mpaka kile kikohozi changu cha mwanzo:

"Nyie! Sabuni hailetwi na malaika!"