Mahindi yaliyodumaa kwenye machimbo ya moramu: jinsi nilivyotatua

Hatimaye kiwanja changu cha Mukono, Uganda, kimekubali! Hapo palikuwa na machimbo ya moramu (udongo mwekundu wa changarawe wa kutengenezea barabara), yakafukiwa kwa tingatinga, nikapanda mahindi. Yakageuka njano, yakadumaa. Mvua ikinyesha, maji yanatuama. Nikaongeza mbolea ya dukani, kisha samadi juu juu. Wapi!

Nikang'oa shina moja: mizizi ilishuka sentimita 20 hivi, ikalala ubavu kana kwamba imegonga sakafu. Kumbe ardhi ilishindiliwa.

Nilivunja tabaka hilo kwa mtaimbo hadi sentimita 50, nikachanganya samadi iliyooza na maganda ya kahawa. Lakini ngojeni kiangazi ndipo mchimbe. Mara ya kwanza nilichimba udongo ukiwa tepetepe, ukafinyangika kama tofali na kuziba upya. Ukikauka hupasuka vipande, mizizi ikapata nyufa za kupenya.

Msimu huu mahindi yamenipita kimo.