Betri za Kuchaji na Namba Iliyoandikwa Ubavuni

Mwezi Machi nilinunua katika Soko la Mwanjelwa betri nne ndogo za kuchaji, zile za AA, zilizoandikwa ubavuni kwa wino wa dhahabu kwamba zina mAh 3600 na kwamba zinachajiwa mara 1,000. Muuzaji naye aliongeza ahadi yake: "Mama, ukinunua hizi, umeshanunua." Kwa kuwa redio yangu ilikuwa ikimaliza jozi ya betri za kawaida kila baada ya wiki mbili hivi, nami nikitoa shilingi 1,000 kwa kila jozi, nililipa bila kubishana sana. Siku ya tatu redio ilizimika katikati ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku.

Namba hiyo ya mAh, yaani miliampea-saa, hueleza kiasi cha umeme ambacho betri iliyojaa inaweza kutoa: yenye mAh 2000 hutoa miliampea 200 kwa muda wa saa 10 hivi. Basi si jambo la kuamini au kutoamini, kwa sababu mtu mwenye saa na subira anaweza kulipima. Fundi redio wa mtaani kwetu aliniazima mita pamoja na rezista ya omu 5, ambayo hunyonya takriban miliampea 240 kutoka kwenye betri ya aina hii. Nilizichaji na kuzimaliza mara tatu kwanza, maana betri mpya huenda isitoe nguvu zake zote mara ya kwanza, kisha nikakaa mezani na daftari, nikiandika volti kila baada ya nusu saa hadi zishuke kufikia 1.0. Iliyofanya vizuri kuliko zote ilidumu saa nne na dakika kumi, yaani mAh 1000 hivi, kiasi ambacho hakifiki hata theluthi ya kilichotangazwa.

Jirani yangu anayenunua dhahabu Chunya alinipimia moja kwenye mzani wake mdogo, ikatoa gramu 17. Betri ya NiMH (yaani ya nikeli, aina ya kuchaji kama hizi) ya ukubwa huo yenye mAh 2000 za kweli hukaribia gramu 27, kwa sababu umeme huhifadhiwa katika madini yaliyomo ndani, na palipo na madini machache umeme nao ni mchache. Hata watengenezaji wanaoaminika huishia kwenye mAh 2500 hadi 2800 katika umbo hilo. Kwa hiyo hiyo 3600 ilipaswa kunishtua pale pale dukani.

Sikukata tamaa, nikanunua jozi nyingine ya bei ya juu zaidi, iliyoandikwa mAh 2000 tu. Hiyo ilidumu saa nane na robo kwenye rezista ile ile, yaani ilitimiza neno lake karibu lote. Ni ya aina isiyovuja chaji upesi, ambayo Sanyo wa Japani waliianza kuiuza mwaka 2005; betri za NiMH za kabla yake zilikuwa zikipungukiwa hata zikiwa zimelala kabatini. Joto huongeza uvujaji huo, na katika hili sisi wa Mbeya tuna nafuu kuliko ndugu zetu wa Kyela.

Kuhusu kuchaji mara 1,000, sitatoa hukumu, kwa kuwa mtu anayechaji mara moja kwa wiki angehitaji zaidi ya miaka 19 kulithibitisha, na hesabu za namna hiyo hufanywa maabara, si kwa chaja ya bei rahisi isiyojizima ambayo huiacha betri ikiwa moto kama kiazi kilichotoka chunguni.

Lawama moja ninaiondoa. Tochi yangu ya zamani ya balbu, inayotumia betri tatu, iliwaka kwa mwanga hafifu hata nilipoijaza betri nzuri, na sababu yake ni kwamba betri hizi hutoa volti 1.2 badala ya 1.5, hivyo tochi hupata 3.6 mahali pa 4.5. Redio haijali tofauti hiyo.

Zile za wino wa dhahabu sasa nimezihamishia kwenye rimoti ya televisheni, ambayo haidai mengi.